"Each other" au "one another" kwenye tisheti? Fundi ananingoja

MamaChama_Umoja: Hamjambo wadau. Niko River Road, fundi ameshawasha mashine. Mgongoni niweke "We lift each other" au "We lift one another"? Akishachapa harudishi pesa.

Kalamu_Nyekundu: Mko wangapi? Hujasema. Wawili ni each other, watatu kwenda juu ni one another. Nimefundisha Kiingereza miaka 19, hapo nilikuwa nakata alama.

Jirani_Kasarani: Mwalimu, hiyo tulikaririshwa tu. Fungua Biblia ya King James ya 1611, 1 Samweli 20:41. Daudi na Yonathani "kissed one another". Kwani walikuwa watatu?

Kalamu_Nyekundu: Kiingereza cha 1611 hakikupitishi mtihani.

Jirani_Kasarani: Basi sogea hadi 1926. Fowler, yule Mwingereza bingwa wa matumizi ya lugha, aliikataa sheria yako. Na hapa ni tisheti, si mtihani.

BwanaHarusi: Nyinyi mnagombania dogo. Mimi kadi za harusi nilitaka kusema tunapendana, nikaandika "We love ourselves". Kadi 150, karatasi ya krimu, utepe wa dhahabu. Nilisoma mara tatu nikaona safi. Nyingine zimeshafika Machakos ndipo binamu ya mke wangu akapiga simu, anacheka hadi anakohoa: "Shemeji, kwa hiyo kila mtu anajipenda kivyake?" Kwa Kiswahili nisingekosea hata usingizini, nani asiyejua wanapendana si wanajipenda? Zilizobaki tulizishika usiku huo na kalamu nyeusi, tunakata ourselves, tunaandika each other juu yake, wino unapaka utepe. Mpaka leo jamaa akinipigia anaanza, "Mjipenda, habari?"

Dada_SouthB: 😂😂 Pole. Mama, mkiongeza "burdens" chungeni ritifaa. Ni each other's, inakaa kabla ya s hata mkiwa mia. Kuna ukumbi niliona each others' ukutani, herufi kubwa kama mlango.

Fundi_Nguo: Hakuna aliyeuliza la maana. Ni ya kupiga rangi kwa fremu au ya kubandika kwa joto? Ya kubandika ikianza kubanduka, hiyo grama yenu itabanduka nayo.

MamaChama_Umoja: Tuko 14. Tisheti za maruni. Anasema ni ya kubandika.

Kalamu_Nyekundu: 14! One another. Nimefunga faili.

Jirani_Kasarani: Each other herufi 9, one another 10. Usikubali aongeze bei kwa herufi moja.

Dada_SouthB: Si muandike "Tuinuane" tu? Neno moja na limebeba wote 14.

Fundi_Nguo: Na ni herufi 8.

MamaChama_Umoja: Mwenyekiti anataka Kiingereza, Jumamosi kuna wageni wa benki. Nimemuuliza huyu kuhusu fremu, anasema mpaka kesho. Kuna anayejua fundi wa fremu upande wa Latema? Ambaye hajafunga?