Pua ndefu au pua fupi: dereva wa treni ya mizigo akae wapi?

Mleta mada: Wakuu salama? Watu wanabishana vichwa gani vya zamani vya treni za mizigo vya Marekani vilikuwa na sura nzuri, mi naona sura tuiache kwanza, tubishane dereva alitakiwa akae wapi, maana ukiviangalia vile vichwa vingi sura yao imetokana na hilo swali. Chukua GP7, kichwa cha dizeli cha kiwanda cha EMD, 1949. Kabini ipo karibu na mwisho mmoja, huku kuna pua ndefu yenye injini na huku pua fupi, ila hiyo fupi nayo imepanda mpaka usawa wa vioo, huoni kitu. Makampuni kibao yaliiendesha pua ndefu mbele kama enzi za mvuke, yaani ukigonga kitu chuma kianze kuumia. Kuanzia 1959 hivi, GP20 za kiwanda hichohicho zikaanza kutoka na pua fupi iliyokatwa chini, dereva anaona reli yote, na wengi wakafuata. Makampuni mawili ya reli ya huko, Southern Railway na Norfolk and Western, wakagoma, miaka ya 70 bado wanaagiza pua iliyosimama. Mi nasema walikosea.

Mchangiaji 1: Mkuu unaongea hivyo kwa sababu umekaa kwenye sofa. Lori la mafuta limezima katikati ya reli, treni ya mizigo haisimami hata kwa kilomita moja, hapo unataka kuona vizuri au unataka injini iwe mbele yako? Southern walimfikiria dereva.

Mleta mada: Walimfikiria nusu. Marekani dereva anakaa kulia, kona ikikata kushoto pua ndefu inaziba kila kitu, signo haioni. Enzi za mvuke haikuwa shida, kushoto kuna faya-man, yule mchochea moto, anamtajia signo. Dizeli haina moto wa kuchochea, makampuni yakataka huyo mtu aondoke, ugomvi ukawa mkubwa mpaka Kongresi ikaingilia 1963. Sasa unamtoa mwenye macho ya kushoto halafu unabaki na ukuta mbele, hapo umemlinda nani?

Mchangiaji 2: Mmesahau kampuni ya reli ya Southern Pacific nyie. Kule kwenye milima ya Sierra Nevada, California, kuna mahandaki na mabanda marefu ya kuzuia theluji juu ya reli, moshi wa vichwa vikubwa vya mvuke ulikuwa unawakaba madereva kooni, wakageuza kichwa chote, kabini mbele kabisa na bomba la moshi nyuma. Iliwezekana kwa sababu walichoma mafuta, yanasukumwa kwa bomba kutoka kwenye tenda, behewa la mafuta na maji, huko nyuma, kwa makaa usingeweza. Cha mwisho, 4294 cha 1944, kipo makumbusho Sacramento. Jamaa walikaa mbele bila boila ya kuwakinga na kazi ikaenda miaka na miaka.

Mchangiaji 3: Nairobi hapa. Nendeni makumbusho ya reli muone kichwa cha mvuke aina ya Garratt, 5918, kinaitwa Mount Gelai, ingawa hiyo ni ya Muingereza. Pale dereva ana boila mbele yake na mbele ya boila kuna tanki la maji, chungulia dirishani uone kama utaona njia lol.

Mchangiaji 1: Sasa si ndo nasema, chuma mbele!

Mleta mada: Hapana, unachanganya vitu viwili. Pua ndefu mbele nakuelewa, kuna injini ya tani kadhaa. Ila ile pua fupi iliyosimama ndani haina injini, ni bati, mchanga wa kumwaga relini magurudumu yasiteleze na choo, wakati mwingine boila ndogo ya kupashia mabehewa ya abiria. Ukiitanguliza hiyo umepoteza kuona na ulinzi hujaupata. Canadian National, kampuni ya reli ya Kanada, 1973 wakaleta kabini pana, pua ipo chini ila imeimarishwa kwa vyuma vizito, na baadaye Marekani nzima ikaelekea huko. Kwa hiyo anayeitetea Southern aniambie ile pua fupi waliisimamisha ya nini, ya ndefu tumeshaimaliza.