Chujio la floraidi la wanafunzi wangu: YST, Africa Prize au Tony Elumelu?

MwalimuMeru
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia sekondari ya kata huku Meru, Arusha. Wasichana wangu wawili wa kidato cha tatu wametengeneza chujio la ndoo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kupunguza floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwenye maji ya kisima. Mnaojua meno ya watoto wa huku yanavyogeuka kahawia mtaelewa kwa nini siwezi kuliacha stoo. Kaka wa mmoja wao ana karakana, anataka kutengeneza machujio hayo auze. Tuombe ufadhili wapi?

BintiKemia
Shikamoo mwalimu. Kwa wasichana ni Young Scientists Tanzania (YST), mashindano ya sayansi. Ilianza 2011, ni ya wanafunzi wa sekondari, na washindi wakuu wamekuwa wakisomeshwa chuo kikuu na Karimjee Foundation. Mimi nilipita pale. Jaji hakujali kifaa changu kinavyopendeza. Aliuliza nimepima sampuli ngapi. Nilikuwa nazo tatu! Wako wapime visima tofauti, kabla na baada ya kuchuja, na waandike mkaa unachoka baada ya lita ngapi. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita.

Fundi_Moshi
Kaka mtu aende Tony Elumelu Foundation. Wanatoa mtaji wa kuanzia biashara: dola 5,000, hazirudishwi, na mafunzo ya biashara mtandaoni. Awe ametimiza miaka 18. Waombaji ni wengi mno, bara zima.

MajiSafi
Mimi ningeanza na Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Mshindi wake wa kwanza kabisa, 2015, ni Mtanzania, Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapo hapo Arusha. Alipata pauni 25,000 kwa chujio la maji! Mwaka 2024 Esther Kimani wa Kenya alichukua pauni 50,000 kwa kifaa cha kugundua wadudu wa mazao. Na hata usiposhinda, ukiingia kwenye orodha fupi unafundishwa kwa miezi kadhaa, wala hawachukui hisa zako.

BintiKemia
Sawa, lakini pale wanatafuta ubunifu wa kihandisi. Mkaa wa mifupa umefanyiwa utafiti miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto, huko huko Meru. Kaka atasema kipya chake ni kipi?

MajiSafi
Hapo umenishika. Basi aanze na Elumelu, Africa Prize ije akishaboresha. Ila mwalimu, kabla hajauza hata ndoo moja, andikeni wasichana wana fungu gani. Wazazi wao wasaini.

MwalimuMeru
Marahaba binti, na asanteni wote. Hilo la fungu sikuwa nimeliwaza, nitawaita wazazi wiki hii. Jumatatu tunaanza kuchota maji kwenye visima sita. Mwenye kipimo cha floraidi Arusha cha kuazima, naomba aje PM.