Nargis alivyomshambulia Satyajit Ray kwamba anauza umaskini wa India nje: alikuwa sahihi? Tujadili

MLETA MADA

Wakuu habarini. Naomba tuujadili huu ugomvi wa zamani wa India maana naona kila baada ya muda unarudi kwa sura nyingine, filamu fulani ikishinda tuzo nje utasikia watu wanalalamika wametudhalilisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1980 Nargis Dutt, yule mwigizaji Nargis wa filamu za Awaara na Mother India, aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India. Akiwa humo akamshambulia hadharani Satyajit Ray, mwongozaji wa Kibengali aliyetengeneza Pather Panchali. Madai yake ni kwamba huyu bwana anachukua umaskini wa India anawapelekea wazungu wautazame, yeye anapata tuzo na nchi inabaki na aibu. Jarida moja la kule likamfuata kumhoji akashikilia hapohapo, akasema Ray angeonyesha India ya kisasa, akaulizwa hiyo India ya kisasa ni ipi, akajibu mabwawa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Alikosea, na ushahidi mkubwa dhidi yake ni kazi zake mwenyewe. Na ninayesema hivi ni mtu ninayeamini kwenye kizazi kile hakuna mwigizaji wa kike wa India anayemfikia, kwahiyo msinihesabu na wanaomchukia.

Kwa msiomjua vizuri: jina la kuzaliwa ni Fatima Rashid, kazaliwa Juni 1929. Mama yake ni Jaddanbai, mwimbaji aliyetoka kwenye ile jamii ya wanawake waimbaji ambao wanaume wenye heshima zao walikuwa wanaenda kuwasikiliza usiku, mchana wanajifanya hawawajui, na huyo mama akapambana mpaka akawa mtunzi wa muziki wa filamu na mtayarishaji miaka ya 1930, wakati wanawake wa kufanya hivyo ulikuwa unawahesabu kwa vidole. Nargis kasimama mbele ya kamera mara ya kwanza 1935, ana miaka kama sita, wakimuita Baby Rani. 1943 ana miaka 14 mwongozaji Mehboob Khan akampa uhusika mkuu kwenye Taqdeer. Alafu 1949 zikatoka Andaz na Barsaat mwaka huohuo mmoja na hapo ndo akawa Nargis tunayemzungumzia.

Sasa angalieni filamu zilizompa jina zinahusu nini. Awaara ya 1951, mtoto wa jaji anakulia kwenye vibanda vya Bombay mpaka anakuwa mwizi. Shree 420 ya 1955, kijana msomi hana kazi anakuja mjini analala barabarani na watu wasio na makazi. Awaara ilishindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, ikaenda Urusi ya wakati ule ikauza tiketi zaidi ya milioni 60, Unguja kwenyewe ilipendwa miaka ya 50 mpaka watu wakawa wanarudia kuitazama. Yaani kama kuna filamu iliyoupeleka umaskini wa India nje kwa wingi basi ni hii ya Nargis na Raj Kapoor, mwigizaji mwenzake na mwongozaji wake, Ray hajawahi kupata watazamaji wa idadi hiyo hata robo.

Alafu njoo Mother India, 1957. Radha, anayeigizwa na Nargis, anaolewa, harusi imefanywa kwa mkopo wa rupia 500 kutoka kwa Sukhilala mkopeshaji wa kijiji, na wazee wa kijiji wanaamua sehemu tatu kati ya nne za mavuno ziwe riba, kila msimu, deni lenyewe halipungui. Mume anapondwa mikono na jiwe shambani, anaona aibu kulishwa na mke anatoroka. Mafuriko yanakuja, mtoto anafia humo. Radha analima kwa kuvuta jembe la plau yeye mwenyewe kama ng'ombe. Sukhilala anakuja kumtongoza kwa chakula wakati watoto wana njaa. Na mwisho anampiga risasi mwanae Birju. Hiyo ndo filamu ya kwanza ya India kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ya filamu za kigeni, na 1958 Nargis akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary kule Czechoslovakia. Waliompa walikuwa wazungu vilevile, na walimpa kwa matope yaliyomjaa usoni.

Huyo ndo miaka 23 baadae anasimama bungeni anamwambia mwenzake acha kuwaonyesha maskini. Wadau mnasemaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu heshima yako, umeandika vizuri ila umemwonea huyu mama. Unachanganya vitu viwili. Nargis hakusema umaskini usionyeshwe kabisa, hoja yake ilikuwa kwanini unaotoka nje ni huo tu, na kwanini wazungu wanaupenda huo tu. Hilo ni swali la maana sana. Mtu wa Paris akiangalia Pather Panchali anatoka pale anaihurumia India, mtu akiangalia Mother India anatoka anaiheshimu. Radha ni maskini lakini anapigana, hauzi mwili wake, analea, anasimamia haki mpaka kwa mwanae wa kumzaa, alafu filamu inaanza na mfereji wa maji unafunguliwa na inaisha na maji yanaingia mashambani. Kwa Ray, kwenye Pather Panchali, yule binti Durga anakufa kwa homa, familia inapanda mkokoteni inahama kijiji, basi imeisha hiyo. Tumaini liko wapi?

Na sisi Watanzania tusijifanye hatuujui uchungu huo. Mmesahau ile filamu ya sangara wa Mwanza aliyoitengeneza mzungu wa Austria, ya 2004? Ikashinda tuzo ikafika mpaka kwenye wateule wa Oscar, na 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani kwamba inaichafua nchi. Watu walikasirika na walikuwa na haki, maana ulimwengu mzima ukaijua Mwanza kwa mapanki tu, yale mabaki ya samaki. Nargis alikuwa anasema kitu hichohicho. Yule ni mtu aliyeuona Uhuru 1947 akiwa binti wa miaka 18, kaona nchi imegawanywa, watu wamechinjana, alafu kaona nchi hiyohiyo inajenga viwanda na vyuo na kujilisha. Wewe unataka asiumie akiona nje wanajua India ya njaa peke yake?

MLETA MADA

Kaka nashukuru, hapa sasa tunajadiliana. Nianze na hilo la Mwanza maana ndo zito. Yule alikuwa mgeni, kaja na kamera yake, kapiga picha za watu wa nchi nyingine kaondoka nazo. Ray ni Mbengali, katengeneza filamu ya kijiji cha Bengal kutoka kwenye riwaya ya Mbengali mwenzake Bibhutibhushan Bandyopadhyay, kwa lugha ya Kibengali. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya matangazo, hela zilipomwishia akaweka rehani bima yake na vito vya mke wake, na filamu ikakwama mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ikaimalizia gharama. Hela ya serikali ya Wahindi wenyewe hiyo. Kweli mara ya kwanza ilionyeshwa New York, Mei 1955, sifichi, lakini Agosti ikaingia kumbi za Calcutta, mwanzo ikadoda alafu watu wakaanza kuambiana mpaka kumbi zikajaa. Waliojaza ni Wabengali, wanaangalia mama anayefanana na mama zao anaficha aibu ya jirani kumwita mwanae mwizi wa matunda.

Alafu kuna Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Malalamiko ya kwamba filamu inaaibisha nchi hayakuanza na Nargis, yalikuwepo serikalini tangu miaka hiyo ya 50, kuna maofisa hawakutaka iende nje. Nehru akaitazama, ikamgusa, ikaenda Cannes 1956. Sasa huyo ndo mwenye mabwawa yenyewe, ndo aliyeyaita mahekalu ya India mpya, na hakuona shida ya kuwaonyesha wageni watoto wawili wakikimbia kwenye majani marefu kuangalia treni. Unaniambia Nargis alikuwa na uchungu wa nchi kuliko Nehru?

Kuhusu tumaini sikubali hata kidogo kwamba Ray hana. Ila tufanye hana. Mwongozaji nani kamwambia lazima amalize na mfereji? Maskini wangapi wamekufa kwa homa bila mfereji wowote kufunguliwa? Hao nao ni raia, nao wana haki ya kuonekana walivyokufa.

MCHANGIAJI WA PILI

Samahani naingilia. Mimi kinachoniuma ni jinsi mnavyomjadili kama vile alifanya siku moja tu maishani mwake. Huyu dada 1958 ameolewa na Sunil Dutt, yuleyule aliyeigiza mwanae kwenye Mother India wakati wamepishana siku tano tu za kuzaliwa, na aliyemwokoa kwenye moto wakati wa kupiga picha. Akaanza kujitoa kwenye filamu akiwa juu kabisa. Yeye na mumewe wakaunda kikundi cha wasanii wakawa wanaenda mipakani kuburudisha wanajeshi, akasaidia chama cha watoto wenye mtindio wa ubongo. Ameingia bungeni 1980, Mei 3, 1981 kafariki kwa saratani ya kongosho, siku chache tu kabla filamu ya kwanza ya mwanae Sanjay haijatoka, hajafika hata miaka 52. Yaani bungeni kakaa mwaka mmoja na anaumwa, na mnachokumbuka ni maneno dhidi ya Ray.

Na kingine, mama yake walimdharau kwa kazi yake, yeye mwenyewe miaka yote ya Raj Kapoor, mume wa mtu, magazeti yalimsema walivyotaka wao. Mtu aliyepita huko akisema nataka nchi yangu iheshimiwe mimi namwelewa.

MLETA MADA

Dada umenigusa, na hapo kwenye mama yake naona kabisa ndo penyewe. Mtu aliyekua anaona nyumba yao inanyooshewa kidole lazima macho ya watu wa nje yamsumbue maisha yake yote. Hilo namwelewa na halinifanyi nimpende pungufu. Ila kumwelewa aliyesema hakufanyi alichosema kiwe kweli, na alikisema kama mbunge, dhidi ya msanii mwenzake, kwenye nchi yenye bodi ya ukaguzi wa filamu. Neno la mbunge kwenye mazingira hayo lina uzito, linaweza kumnyima mtu hela ya filamu inayofuata.

Tena nikuongezee. Filamu yake ya mwisho, Raat Aur Din ya 1967, kaigiza mke wa nyumbani mwenye nafsi mbili, mchana ametulia na sari yake, usiku anakuwa mtu mwingine anaenda kilabu kunywa na kucheza dansi. Nchi ikampa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, wa kwanza kabisa kuipata. Hakuna aliyesema kawaaibisha wake za watu wa India. Walisema huyu mwanamke ameonyesha ugonjwa na mateso ambayo yapo ila hayasemwi. Kwanini Ray asipewe kipimo hichohicho?

Na hayo mabwawa jamani. Mwaka uleule wa Mother India, Januari 1957, lilizinduliwa bwawa la Hirakud kule Orissa. Zaidi ya watu laki moja walihamishwa vijiji vyao vikafunikwa na maji. Sisemi lisingejengwa, liliwafaa wengi kwa mafuriko na umeme. Nasema ukitaka kuonyesha India ya kisasa ukaenda na kamera pale Hirakud utakutana na kina Radha wamebeba mizigo wanahama, sasa utawatoa kwenye picha? Mehboob Khan, mwongozaji wa Mother India, aliweza kuonyesha mfereji na mateso kwa pamoja, na mateso ndo yalichukua karibu saa tatu, mfereji dakika chache.

India yenyewe 1992 ikampa Ray Bharat Ratna, nishani kubwa kuliko zote, wiki chache kabla hajafa. Kama alikuwa anaichafua nchi, serikali ilichukua muda mrefu sana bila kugundua.

Kaka wa kwanza pale juu hujaijibu hoja yangu ya mwanzo. Chukua Mother India, toa deni la rupia 500, toa njaa, toa jembe linalovutwa na mwanamke, toa Sukhilala, bakiza yale matrekta ya mwanzo na mfereji. Niambie hapo Karlovy Vary wangempa Nargis tuzo ya nini?