Nimepata kempa ya mtumba ya kupakia kwenye pikapu, paa linainuka. Nianze na nini kabla ya safari ya Ruaha, Kitulo na Matema?

Mwenyeji wa Mafinga:

Kamwene wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa mafundi na kwa wale mnaosafiri na kulala kwenye magari.

Nina Hilux ya kebini moja, dizeli. Nimenunua kempa ya mtumba, ile ya kupakia juu ya bodi la nyuma. Ukishusha paa, inazidi kebini kwa kimo kidogo tu. Ukiliinua, pembeni panazibwa na turubai na mtu mzima anasimama wima ndani. Ilitengenezwa Afrika Kusini. Aliyeniuzia aliiweka bandani muda mrefu bila kuitumia.

Hali yake iko hivi. Fremu ya alumini imenyooka. Mikono ya kuinulia paa inafanya kazi ila ni mizito. Turubai lina madoa meusi ya ukungu na zipu mbili zimekufa. Sakafu, kona ya nyuma kushoto, inabonyea ukiikanyaga. Nimeambiwa ikiwa tupu ina kilo 450.

Safari ni Juni shule zikifungwa: mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka 9. Tunaanza Iringa na hifadhi ya Ruaha, tunarudi barabara kuu hadi Mbeya, tunapanda hifadhi ya Kitulo, halafu tunashuka Tukuyu hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Nimetenga milioni mbili na nusu. Orodha yangu: friji, sola, tangi la maji la lita 100, jiko la gesi, TV ya binti, na kitu cha kuleta joto, maana mama watoto hofu yake kubwa ni baridi ya Kitulo. Nianze na kipi?

Fundi Chuma Mwanjelwa:

Hongera mkuu, kitu hicho ni adimu huku kwetu. Ila orodha yako yote ni ya vitu vya kuongeza, na hakuna hata kimoja kinachoishikilia kempa kwenye gari au kinachozuia mvua isiingie. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kwanza uzito. Chukua karatasi tujumlishe. Kempa 450. Ninyi watatu, tuseme 170. Maji lita 100 ni kilo 100, hayana punguzo. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoutunza), karibu 30. Mtungi mkubwa wa gesi ukiwa umejaa, karibu 30. Friji 25. Tayari ni kilo 805, na hujaweka godoro, sufuria, unga, nguo, vifaa vya gari wala tairi ya pili ya akiba. Pikapu nyingi za aina hiyo zinaruhusiwa kubeba kama tani moja hivi, lakini usifuate maneno yangu, soma kitabu cha gari lako au kibati chake. Na hiyo 450 ya muuzaji usiiamini mpaka uipime. Ukiwa Mafinga hukosi kiwanda cha mbao chenye mzani wa malori, waombe. Pima gari tupu, pima na kempa, halafu pima siku mmeshapakia kila kitu na wote mmekaa ndani.

Pili, uzito unaangukia wapi? Kitovu cha uzito wa kempa kinatakiwa kiwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kikiwa nyuma yake, pua ya gari inainuka, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinakosa mshiko. Kwa hiyo betri, maji na vyakula vizito viwekwe chini, upande wa kebini.

Tatu, umefungaje? Usikubali fundi akufungie kempa kwenye mabati ya bodi. Mabati yanachanika. Tengeneza mabano manne ya chuma yashike kwenye chasisi, kwa bolti kupitia matundu yaliyopo tayari. Usiruhusu kuchomelea chasisi ovyo, joto linaidhoofisha. Chini ya kempa tandika mpira mnene, ule wa mikanda ya mashine unafaa sana, ili isiteleze.

Gunia la Makambako:

Wakuu msimtishe jamaa. Hilux hizo hizo kila siku zinashusha viazi kutoka Njombe zikiwa na mzigo mara mbili ya huo na zinafika. Aongeze pata mbili za springi nyuma, yale mabapa ya chuma, apakie anachotaka.

Fundi Chuma Mwanjelwa:

Mkuu, kufika zinafika, na wengine tunazipokea hapa gereji zikiwa na chasisi zilizopasuka. Halafu viazi vinalala chini kwenye bodi. Kempa ni ndefu kwenda juu, kwenye kona inalivuta gari pembeni. Pata za springi zinainua mkia wa gari, haziongezi breki wala haziongezi nguvu ya ekseli. Springi nzuri na shokapu mpya aweke, nakubali kabisa, ila baada ya kupunguza mzigo.

Na atashuka Mlima Nyoka huyu, na kutoka Tukuyu kwenda Kyela, akiwa na mtoto ndani. Ashuke na gia nzito, breki aziache zipumzike.

Mshona Maturubai Iringa:

Nizungumzie turubai, ndiyo kazi yangu.

Fungua paa lote siku ya jua, acha turubai likauke kabisa, halafu ondoa ukungu mkavu kwa brashi laini ukiwa umefunika pua na mdomo. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya kawaida. Madoa yaliyobaki, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, acha kidogo, suuza. Usitumie jiki hata kama mtu anakuapia, inakula uzi wa mishono na mwaka hauishi turubai linaachia. Madoa mengine hayatatoka. Hayana shida, shida ni ukungu ulio hai.

Baada ya hapo simama ndani mchana, mwenzako afunge kila kitu, utazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu la mvua. Matundu madogo yanazibwa kwa kiraka cha turubai la aina ile ile, gundi ndani na nje. Mishono, kama turubai ni la pamba, ipake nta ya nyuki halafu ipitishie joto la pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa. Zipu usitengeneze, badilisha zote, na uchague zenye meno makubwa ya plastiki. Za chuma zinaota kutu na vumbi la Ruaha linazimaliza.

Jambo moja la kuzingatia safari nzima: mkilazimika kufunga paa likiwa limelowa, mlifungue siku hiyo hiyo mkifika. Ukilifunga limelowa siku mbili tatu, ukungu unarudi wote.

Binti Rungwe:

Na ile kona ya sakafu inayobonyea? Msiipite haraka. Chukua bisibisi, chomachoma mbao kuanzia pale ukielekea pande zote. Inapozama kirahisi pameoza. Utashangaa uozo umefika wapi chini ya kapeti. Maji hayo hayakutoka chini, yalitoka juu, kwenye kiungo cha paa au tundu la skrubu, yakatambaa ndani ya ukuta. Tafuta penyewe kwanza, mwagia maji kwa mpira upande mmoja mmoja huku mtu yuko ndani anatazama. Ndipo ukate mbao mbovu hadi ufikie ngumu.

Bahati yako uko Mafinga, plaiwudi inatoka hapo hapo. Chukua iliyogundishwa kwa gundi ya kuhimili maji, na kabla hujaifunga paka rangi ya mafuta kingo zote nne, kwa sababu plaiwudi inanyonya maji kupitia kingo. Huku kwetu Tukuyu mvua haina msimu wa kueleweka, hata Juni inaweza kukukuta.

Mwenyeji wa Mafinga:

Asanteni sana, ndaga fijo Binti Rungwe. Nimekwenda na bisibisi leo. Uozo umefika karibu nusu mita kutoka konani, na nimeona skrubu juu ya taa ya nyuma ambayo mpira wake umekauka. Nadhani ndipo maji yalipoingilia.

TV nimeifuta. Mtoto atatazama tembo. Lakini friji na joto bado naomba mnisaidie.

Sola ya Kihesa:

Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa inakula kati ya Ah 30 na 50 kwa siku kutegemea joto la nje. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri inarudisha kama Ah 30. Betri ya asidi ya Ah 100 usiitumie zaidi ya nusu, ukitaka idumu. Kwa hiyo friji peke yake inamaliza bajeti ya umeme wako wote, na inakudai paneli ya pili na betri ya pili, kilo juu ya kilo.

Taa tatu za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka kwa muda wa saa nne kila jioni, ni Ah 5 tu. Simu ni kidogo pia. Ningekuwa wewe, mwaka huu ningechukua paneli moja ya wati 100, chaji kontrola (kidhibiti cha kuchaji betri), betri moja, na badala ya friji ningebeba deli zuri la kuwekea barafu. Barafu unapata Iringa na Mbeya mjini, na Kitulo baridi lenyewe linatunza nyama.

Fyuzi iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si mwisho wa waya kule kwenye taa. Waya ukichubuka barabarani na fyuzi iko mbali, moto unaanzia katikati. Na ukikuta soketi za ukutani za Afrika Kusini, zile za pini tatu za duara, umeme wake ni wa volti 230 kama wetu, unabadilisha soketi tu.

Mama Uwemba:

Nimesoma wote, sasa nisikilizeni mimi kwenye hilo la joto.

Baba, usiingize jiko la mkaa ndani ya hicho kibanda. Si dakika tano, si "tukiwa macho", si "mlango uko wazi". Sisi watu wa Njombe na Makete tunajua baridi, na tunajua watu waliolala na jiko wasiamke. Mkaa ukiungua unatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inaanza kichwa kuuma, kizunguzungu, kisha usingizi, na ukishalala huna wa kukuamsha. Mtu anafikiri turubai linapitisha hewa. Halipitishi ya kutosha, hasa likilowa. Na jiko la gesi nalo ni la kupikia, si la kuota moto. Ukiwasha jiko la gesi fungua dirisha la juu na la chini, ukimaliza zima na ufunge mtungi. Nunua kengele ya kutambua hiyo hewa ya sumu, inayotumia betri, uifunge karibu na mnapolala. Hiyo iwe kabla ya sola.

Kitulo iko juu ya mita 2,600, na Juni, Julai kuna asubuhi unakuta majani yamefunikwa na sakitu nyeupe, umande ulioganda. Joto la mwili mnaweza kulitunza bila moto. Baridi kubwa inatoka chini ya godoro, kwa hiyo wekeni mkeka wa povu chini yake. Mablanketi mawili mazito kwa kila mtu. Tundikeni blanketi jepesi kwa ndani ya turubai upande wa upepo. Chupa ya mpira ya maji ya moto uifunge kwa kitambaa, mpe mtoto miguuni. Kofia na soksi kavu, za kulalia tu. Na muache kidirisha kimoja wazi kidogo usiku kucha, la sivyo pumzi zenu zitageuka maji na kudondoka kwenye matandiko.

Dereva wa Ipinda:

Mama Uwemba amemaliza. Niongeze mawili kuhusu huko juu.

Gesi ya mitungi yetu ina butani, na butani karibu na nyuzi sifuri haitoki vizuri. Asubuhi ya Kitulo jiko litakuwa linazimikazimika, usidhani limeharibika. Mtungi wa kilo 6 unawatosha safari nzima. Maji kule yanachemka kwenye nyuzi kama 91, maharage hayaivi upesi, chemsheni nyumbani kabisa au mbebe sufuria ya presha.

Njia: ile ya Chimala kupanda Matamba, wenyewe tunaita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, nzuri kwa macho ila kwa kempa ndefu na dereva mgeni pandia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Na maua, ukweli ni kwamba Juni hutayakuta. Kitulo inachanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Ruaha nayo ni tamu wakati wa kiangazi. Safari moja haiwezi kuzipata zote mbili katika ubora wake.

Mpita Njia Kasumulu:

Swali dogo. Kama kempa iliingia nchini na msafiri wa kigeni kwa kibali cha muda, haikutakiwa kuuzwa kabla ushuru haujalipwa. Una karatasi?

Mwenyeji wa Mafinga:

Zipo, mkuu. Aliyeniuzia ni Mtanzania na ushuru ulishalipwa, stakabadhi ninayo.

Nimekaa na mama watoto jana usiku, tumesoma uzi wote pamoja. Tumekata hivi: sakafu na turubai kwanza, halafu mabano, mpira wa chini na shokapu, kengele ya hewa ya sumu, mablanketi na mkeka wa povu. Zikibaki hela ndiyo paneli moja na taa. Maji tutabeba madumu mawili ya lita 20 tujaze njiani. Friji, hapana. Na Kitulo tunaiacha hadi Januari, tutaomba likizo fupi wakati wa maua. Juni ni Ruaha na Matema tu. Mama watoto amefurahi kuliko mimi.

Fundi Chuma, nikishapima na kupakia, upepo wa tairi niweke kiasi gani kwenye ile barabara ya vumbi ya Msembe, ya kuingia Ruaha?

Fundi Chuma Mwanjelwa:

Anza na kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye kibati cha mlango wa dereva. Kwenye vumbi lenye mawimbi punguza kidogo, PSI 4 hadi 6, na mwendo upungue pia. Ukirudi lami, jaza tena. Pima asubuhi kabla hujaendesha, tairi zikiwa za baridi. Na ukifika getini kagua bolti za mabano kwa spana, mawimbi yale yanalegeza nati. Ziwe nati za kujifunga.