Kabureta ya Land Rover 109: nifufue Zenith ya zamani au nifunge nyingine?

Mrithi109 (Karatu)
Wakuu, habari za kazi. Nina Land Rover Series III 109 ya mwaka 1978, petroli, silinda nne, cc 2286. Nimeachiwa na baba, na ndilo gari lililotusomesha, kwa hiyo habari ya kuliuza haipo.

Likiwa la baridi linawaka vizuri. Likishapata moto ukalizima dakika kumi, kuliwasha tena mpaka ukanyage mafuta hadi chini na kupiga stata mara tano au sita. Moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa) inapanda na kushuka. Lita moja inanipeleka kilomita nne tu, na mlima wa Mto wa Mbu naupanda kinyonge.

Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni Zenith 36 IV iliyokuja nalo. Fundi mmoja anasema nitupe, ninunue mpya ya kopi. Mwingine anataka anifungie Weber 34 ICH. Wa tatu anasema injini hii inabanwa pumzi, niweke Weber 32/36 yenye makoo mawili (njia mbili za hewa) ndiyo nguvu itatoka. Pesa ninayo ya kufanya jambo moja tu. Mngekuwa ninyi mngefanya lipi?

SpanaKumi (Arusha)
Mkuu, usitupe kitu. Dalili ulizotaja ni ugonjwa wa kawaida wa Zenith hiyo, na unatibika kwa kipande cha kioo na msasa.

Kabureta hiyo ina kifuniko cha juu, na chini yake kuna bloku inayobeba jeti, vile vijitundu vinavyopima petroli. Katikati yao kuna oringi, pete ya mpira ya kuziba. Ikikauka, au nyuso za vipande hivyo zikipinda kwa joto na kwa skrubu zilizokazwa na watu wenye hasira, petroli inapita pembeni bila kupitia kwenye jeti na kuingia moja kwa moja kwenye koo. Unaweza kubadilisha jeti mpaka uchoke, moshi utabaki palepale.

Fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha. Chukua kioo kinene cha dirisha, ulaze juu yake msasa wa maji namba 400. Chora mistari ya penseli kwenye uso mzima wa kifuniko, kisha sugua taratibu kwa kuzungusha mkono kama unaandika nane. Inua uangalie. Mistari itafutika pembeni kwanza na kubaki katikati, au kinyume chake, hapo ndipo utaona kilivyopinda. Endelea mpaka penseli yote iishe, usipitilize. Fanya hivyo hivyo kwa bloku. Funga na oringi mpya na gaskiti mpya, skrubu ukikaza kwa kukatisha kona, kidogo kidogo.

Ubavuni kuna diaframu ndogo (kiwambo chembamba) yenye springi. Ikitoboka, gari linakunywa mafuta muda wote kana kwamba linapanda mlima. Kwenye seti nzuri ya vipuri vya matengenezo inakuja pamoja na sindano ya boya. Boya nalo litie kwenye maji ya moto: likitoa mapovu limetoboka. Tundu za jeti usizichokonoe kwa waya, zinapanuka. Tumia mshipi wa kuvulia samaki na upepo wa kompresa.

MkereziTanga
Naunga mkono, ila kuna kitu SpanaKumi amekiruka, na bila hicho silensa haitatulia. Ni spindo ya mafuta, yaani mhimili unaozungusha kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga koo. Gari la miaka hiyo spindo imekula kabureta kwenye matundu inamozungukia, na hewa isiyopimwa inaingilia hapo.

Kabla hujafungua chochote, washa injini, paka grisi nzito kwenye ncha zote mbili za spindo inapotokea nje. Silensa ikibadilika umempata mwizi. Mpelekee fundi wa lethi akereze matundu, aweke bushi za shaba, na spindo mpya. Mwambie apitishe tundu zote mbili kwa mpigo mmoja, kifaa kisihamishwe katikati. Zikipishana hata kidogo kipepeo kitagota ukutani na mafuta yatakwama wazi. Nimeshaletewa moja ya hivyo, mwenyewe aliniambia ilimkwamia akiteremka.

Mzee wa Nanyuki
Wadau, mimi nimetumia 34 ICH miaka sita kwa gari ya shamba, na sitairudisha ile ya zamani. Ni kabureta rahisi, kila kitu kiko wazi, na mafuta inakula kidogo. Kwa mwendo wa shamba na sokoni inatosha kabisa.

Lakini nikuambie ukweli wake. Ukiwa na mzigo na mlima utajua koo lake ni dogo. Na kuna kajeti ka silensa kenye waya wa umeme. Lazima kapate volti 12 ukiwasha swichi. Wengi hufunga wakasahau huo waya, kisha wanalia kwamba kabureta mpya haikai silensa.

SpanaKumi (Arusha)
Mzee, heshima yako, ila yeye anapanda mlima wa Mto wa Mbu. Kwa shamba tambarare nakubaliana nawe. Kwa njia ya Karatu atajuta.

HesabuKwanza (Morogoro)
Kabla ya kusema injini inabanwa pumzi, tuipime pumzi yenyewe. Injini ya mipigo minne inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Lita 2.286 mara mizunguko 4,000, gawa kwa mbili: lita 4,572 kwa dakika. Hakuna injini ya zamani inayojaa kikamilifu, chukua asilimia 80. Inabaki kama lita 3,650, yaani karibu lita 61 kwa sekunde. Hiyo ndiyo pumzi yake yote ikiwa imekanyagwa.

Namba 36 ni kipenyo cha chini, kwenye kipepeo. Koo lenyewe jembamba la Zenith hiyo ni milimita 27. Lita 61 kwa sekunde hapo zinapita kwa kasi ya kama mita 106 kwa sekunde, ambayo ni kasi nzuri ya kunyanyua petroli na kuipasua iwe ukungu. Walioipangia hawakukisia.

Sasa weka koo la milimita 32. Ukiwa mizunguko 1,500, mwendo wa kawaida wa barabara ya vumbi, kasi kooni inashuka toka mita 40 hadi 28. Mvuto unaonyanyua petroli hufuata kasi kwa kipeo cha pili, kwa hiyo unabaki nusu. Utakanyaga, injini itaguna kwanza ndipo iende. Huko ndiko kuongeza kabureta na kupunguza gari.

Mrithi109 (Karatu)
Asante sana HesabuKwanza, sijawahi kuelezwa hivi. Lakini 32/36 si ina makoo mawili, la pili likifunguka baadaye? Hilo tatizo la mwendo mdogo si linaondoka?

HesabuKwanza (Morogoro)
Swali zuri, na uko sahihi. Koo lake la kwanza ni milimita 26 tu, na la pili linaanza kufunguka la kwanza likiwa limeshafika mbali. Kwa mwendo mdogo haina kosa. Ila chini yake manifoldi yako (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda) ina mlango mmoja uliotengenezwa kwa kabureta ya koo moja. Utahitaji bamba la kuunganisha, uunde upya fimbo za mafuta, na upime nafasi chini ya boneti. Gharama hiyo yote kwa injini ambayo hewa yake tumeshaihesabu hapo juu! Ingekuwa kichwa kimechongwa na kamshafti imebadilishwa, ningesema tofauti.

Jambo la mwisho, nalo hutalipia sana. Unaishi kwenye mita kama 1,500. Hewa ya huko ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Tanga, na kabureta hailijui hilo: mchanganyiko unanenepa kwa kama asilimia 7. Jeti kuu ya 125 ikiwa salama, shuka hadi 120. Mzee wa Nanyuki yuko juu zaidi yako, bila shaka hata yake ameigusa.

Mzee wa Nanyuki
Niliigusa, naam. Kabla ya hapo ilikuwa inanuka petroli mpaka ndani ya gari.

Mama Jeti (Dodoma)
Mdogo wangu, angalia platini (zile za kukata na kuunganisha umeme wa plagi) na taimingi, yaani muda wa kupiga cheche, kwanza. Platini zilizoungua nazo huleta plagi nyeusi. Na hizo kopi mpya uwe nazo macho. Niliyonunua mimi ilikuwa na namba 125 kwenye jeti (yaani kama milimita 1.25), lakini biti ya drili ya milimita 1.3 ilipenya bila kugusa. Ya zamani iliyofufuliwa vizuri ni bora.

Mrithi109 (Karatu)
Wakuu, narudi na majibu baada ya wiki tatu. Platini zilikuwa zimeungua kweli, nikaweka mpya. Moshi ulipungua lakini haukuisha. Grisi kwenye spindo: silensa ilitulia palepale, nikaamini. Fundi wa lethi Arusha ameweka bushi. Kifuniko nilikisugua mwenyewe usiku sebuleni, na mistari ya penseli ilibaki katikati kama kisiwa. Nilitumia karibu saa nzima ndipo kikafutika. Oringi ya zamani ilivunjika vipande viwili mkononi.

Kwa jeti ya 125, likiwa la moto linawaka kwa mpigo mmoja. Jeti ya 120 nimeifunga Jumamosi nikaenda nayo hadi lango la Loduare na kurudi. Plagi tatu zimekuwa na rangi ya kahawia ya maziwa, ya nne bado ina weusi kidogo. Mafuta nimepata kilomita tano na nusu kwa lita.

SpanaKumi, hiyo plagi ya nne niangalie valvu, au gaskiti ya manifoldi?

SpanaKumi (Arusha)
Gaskiti ikivuja plagi ingekuwa nyeupe, siyo nyeusi. Pima kompresheni (mgandamizo) ya silinda hiyo, kisha uibadilishane plagi na ya jirani uone kama weusi utahama. Leta majibu.