Kabureta ya gari la zamani: ulitengeneza au ulitupa? Tupeane uzoefu

Mrithi wa 109
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ya marehemu baba, kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ni ya Zenith. Nipo Njombe. Sailensa haikai (injini haitulii nisipokanyaga mafuta), moshi mweusi, plagi nikizifungua ni masizi matupu. Fundi wa kwanza anasema nitupe, ninunue kabureta mpya ya Weber. Wa pili anasema nimletee kiti cha repea tu (pakiti ya gasketi na vipuri vidogo), ndani ya saa mbili amemaliza. Kila mmoja anamwita mwenzake kanjanja. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mhanga wa Kitonga
Umenigusa pabaya mkuu. 2009 nilikuwa na Corolla EE90, injini 2E, ile yenye vipira vya vakyumu vimejisokota kama utumbo wa mbuzi. Ikaanza kumisi. Fundi mmoja wa Ilala akaifungua kabureta juu ya gazeti, akakuta jeti (vile vitundu vya kupimia petroli) zimeziba, akazizibua kwa waya wa breki ya baiskeli. Na mimi nimemshikia tochi! Jeti ni shaba laini, tundu likipanuka kidogo tu umekwisha. Halafu akarudisha sindano ya boya, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, ileile iliyolika, eti "bado ina maisha."

Wiki ileile nikamchukua mama mkwe Morogoro kumpeleka Iringa kwenye mahari ya shemeji. Nyuma kuna ndoo mbili za maziwa mgando, lita 20 kila moja. Katikati ya mlima Kitonga, tuko nyuma ya lori, gari ikaanza kukohoa, harufu ya petroli imejaa ndani. Nikakanyaga, ikapiga pwaa! Rangi ya boneti ikaota malengelenge naiangalia. Nikasimama, jiwe kwenye tairi, nikafungua boneti. Kosa kubwa. Moto ukapanda, nyusi zikaenda. Mama mkwe hakusema neno, akafunua ndoo ya kwanza akamwaga yote. Moto ukahamia chini ya gari. Akamwaga ya pili. Aliyekuja kuuzima ni utingo wa lori, kwa koleo na mchanga. Kumbe sindano ilikwama wazi, petroli ikawa inafurika juu ya ekzosi ya moto.

Kwenye mahari tulifika siku ya pili, tunanuka maziwa yaliyoungua. Nilinunua kabureta ya mtumba pale Gerezani, Dar, ikatembea miaka sita. Ya kwanza sikuitengeneza tena, nimewaachia wenye moyo.

Dereva Mstaafu
Nakazia hapo kwenye waya. Jeti ni hewa ya kompresa na petroli safi, basi.

Bi Spana
Maziwa hayazimi petroli jamani. Petroli inaelea juu, unausafirisha tu moto.

Mhanga wa Kitonga
Dada, mama mkwe wangu si zimamoto. Alimwaga alichokuwa nacho.

Bi Spana
Na wewe unapandaje Kitonga bila mtungi wa kuzimia moto?

Mhanga wa Kitonga
Mtungi ulikuwepo, wa kumwonyesha trafiki. Ndani hamna kitu.

Kidume wa EFI
😂😂 Mrithi, ng'oa injini nzima weka ya EFI, inayopuliza mafuta kwa umeme bila kabureta, umalize kesi.

Dereva Mstaafu
Mtu kauliza kabureta unamjibu injini. Hiyo 109 ni ya marehemu baba yake, si chuma chakavu.

Mla Vumbi
Yale maziwa mama mkwe alidai?

Babu Gereji
Mnamtoa kijana kwenye mada. Mrithi, usinunue kitu kwanza. Zenith hiyo ugonjwa wake tunaujua. Ule mfuniko wa juu na kile kipande kinachobeba jeti vinapinda kwa joto na kwa watu kukaza skrubu kama wanafunga tairi. Petroli inapenya pembeni na kuingia injini bila kupimwa na jeti. Ndio moshi wako huo. Weka kioo mezani, juu yake msasa wa maji namba 400, sugua ule uso taratibu, duara duara, mpaka mng'ao uwe sawa kote. Badilisha na oringi, ule mpira wa duara. Kisha shika shafti ya kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, uitikise kwa vidole. Ikicheza inavuta hewa, hapo hata ufunge viti vya repea kumi sailensa haikai. Umpelekee fundi wa kukereza aweke bushi, au ndipo ununue nyingine. Na Njombe ni karibu mita 2,000, hewa nyepesi. Kama iliwahi kusetiwa Dar, huko petroli inazidi hewa, lazima ichafue plagi.

Mla Vumbi
Mimi nilinunua mpya, kopi, boksi zuri kama la simu. Ikanywa mafuta kuliko ile kuukuu. Nikahamishia jeti za zamani kwenye mpya, ikatulia. Sasa sijui nijihesabu upande gani.

Kidume wa EFI
Upande wa waliopigwa.

Dereva Mstaafu
Wengine kabureta zetu ziliuliwa na uchakachuaji, petroli kuchanganywa na mafuta ya taa, mpaka 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa. Unatengeneza leo, kesho unajaza uchafu uleule.

Bi Spana
Sheli zote si sawa mzee. Fungua fueli filta kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Mrithi wa 109
Babu Gereji, shikamoo. Nimeweka mfuniko juu ya kioo cha dirisha la zamani, karatasi ya daftari inapita katikati pote! Nimesugua kama dakika arobaini, sasa inagoma kupita. Shafti inacheza kidogo sana. Oringi nimeagiza, nikiipata nafunga.

Babu Gereji
Marahaba. Usije ukapaka silikoni kwenye gasketi, petroli inaila na vipande vinaenda kuziba jeti.

Mla Vumbi
Mimi nimepaka, mwaka wa tatu huu inatembea.