Mwanamke anataka udiwani Ilemela: kura za maoni zinaamuliwa wapi hasa?

Dagaa_wa_Mwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Kuna kikundi cha akina mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Ilemela, Mwanza, wamekubaliana mwenzao mmoja agombee udiwani 2030. Kadi ya chama anayo, sokoni na mtaani anakubalika. Kinachowatatiza ni mambo ya ndani ya chama.

Aanze na kata au viti maalum, zile nafasi za wanawake zinazopitia kwenye vyama? Wanaopiga kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, wanapatikanaje? Na siku ya mkutano yenyewe, kitu gani huharibika?

Chama sikitaji kwa makusudi, sitaki uzi ugeuke vita vya vyama. Wanaovijua vikao naomba mshuke na vitu vya uhakika. "Ajitume" na "amtangulize Mungu" tunazo za kutosha. Natanguliza shukrani.

Katibu_wa_Tawi:
Mkuu, 2030 ni mbali mno kuanzia hapo. Kama ni CCM, mwaka wa kuutazama ni 2027. Uchaguzi wa ndani kule ni kila miaka mitano na uliopita ulikuwa 2022. Mkutano mkuu wa taifa ulikaa Dodoma Desemba, lakini mashina na matawi yalishamaliza kazi miezi mingi nyuma. Anayesubiri kusikia uchaguzi wa chama kwenye redio, kwao umeshapita. Vyama vingine vina ratiba zao, aulize ofisi ya wilaya na aombe katiba na kanuni za uchaguzi, toleo la karibuni. Nakala ya zamani imeangusha wengi.

Ngazi zinapanda hivi: shina, tawi, kata, wilaya, mkoa, taifa. CHADEMA huanzia kwenye msingi na wana kanda juu ya mkoa, Mwanza ikiwa Kanda ya Victoria. Majina yanatofautiana, utaratibu ni uleule: ngazi ikichagua, inachagua viongozi wake, halafu inachagua wajumbe wa kuiwakilisha kwenye mkutano wa juu yake. Hilo la pili ndilo watu hawalitazami. Fomu ya uenyekiti wa tawi itagombewa na wanaume wanne. Ya ujumbe wa mkutano wa kata inalala mezani mpaka siku ya mwisho, kisha katibu anamwita jirani yake aijaze ili nafasi isibaki wazi. Huyo jirani ndiye mpiga kura wenu.

Kwa hiyo kazi ya kikundi ni kujaza fomu za ujumbe, wengi iwezekanavyo, na mgombea wenu akiwa mmoja wao. Angalieni wanakoishi. Wote wakijiandikisha tawi la karibu na soko, watagombea nafasi zilezile na kuangushana wenyewe. Wa Kitangiri akae tawi la Kitangiri, wa Pasiansi Pasiansi, wa Nyamanoro vivyo hivyo. Kwa udiwani wa kata wanaohesabika ni wa kata ileile tu. Kwa viti maalum, ambavyo kura zake huvuka kata, waliotawanyika ndio mtaji.

Kadi pekee haitoshi. Ada iwe imelipwa na risiti iwepo. Halafu aende tawini aombe daftari, aone jina lake kwa macho yake. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yanakitaka chama kiwe na daftari la wanachama, kwa hiyo haombi hisani. Mlangoni mwa mkutano hakuna anayesikiliza "mimi ni mwanachama wa siku nyingi".

Msisahau jumuiya ya wanawake: UWT kwa CCM, BAWACHA kwa CHADEMA, Ngome ya Wanawake kwa ACT-Wazalendo. Zina chaguzi zake na wajumbe wake. Viti maalum huanzia huko.

Hesabu_za_Baraza:
Kwenye swali la kata au viti maalum, twende na hesabu.

Sheria inataka madiwani wanawake wa viti maalum wasipungue theluthi. Ilemela ina kata 19, theluthi yake ni sita na kitu. Hivyo vichache vinagombewa na wanawake wa manispaa nzima, tena wanaojuana, na waliovikalia bado wanavitaka. Kata moja ya mjini inaweza kuwa na wanaume sita na mwanamke mmoja. Watu wanadhani viti maalum ni njia ya mkato. Mara nyingi foleni yake ni ndefu kuliko ya kata.

Bungeni ni vivyo hivyo. Katiba, ibara ya 66, inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Ibara ya 78 inavigawa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge. Mwaka 2020 vilikuwa 113. Upande wa majimbo, uchaguzi huohuo, wanawake hawakufika moja ya kumi. Ukisikia Bunge limejaa wanawake, uliza wangapi wana jimbo.

Uliza kwa sababu madaraka hayalingani. Mfuko wa Jimbo uko chini ya mbunge wa jimbo, wa viti maalum hana. Waziri Mkuu lazima atoke kwa wabunge wa majimbo. Na jina la viti maalum linapelekwa Tume ya Uchaguzi na chama, sasa chama kikibadilisha mawazo baada ya miaka mitano hana wananchi wa kuwakimbilia.

Sisemi aviepuke. Ester Bulaya alikuwa viti maalum kupitia CCM tangu 2010, akahamia CHADEMA, na 2015 akachukua Bunda Mjini mbele ya Stephen Wasira. Aliyetumia kipindi kimoja cha viti maalum kujenga eneo lake anavuka. Anayezunguka mkoa mzima akifungua semina habaki na kata ya kusimamia.

Kwa huyu wenu, mwenye watu wake sehemu moja, mimi ningesema kata. Na kanda hii si ngeni kwa hilo: Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing wa 1995, alikuwa mbunge wa jimbo la Ukerewe, na Angelina Mabula alishinda jimbo hilihili la Ilemela 2015 na 2020.

Igombe_Kwetu:
Mnazunguka tu wazee. Wajumbe wanataka bahasha. Mama wa dagaa atazitoa wapi? Na akiongoza kura, vikao vya juu vinamkata.

Hesabu_za_Baraza:
La kukatwa ni kweli, ndiyo maana zinaitwa kura za *maoni*. Kinga iliyopo ni kuongoza kwa pengo. Anayeongoza kwa kura tatu hukatwa bila kelele. Anayeongoza kwa mia, kikao kinalazimika kujieleza.

La bahasha nawaachia wanasheria.

Mwanasheria_Nyamagana:
Ndugu Igombe, takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliwahi kuruhusiwa na sheria. Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaja kubana zaidi, na haingoji kampeni za Tume: inagusa mchakato wa uteuzi ndani ya chama pia. Kwa hiyo kanga, nauli "ya kurudia" na soda za wajumbe wiki ya kura za maoni ni hatari kwa mgombea hata kama chama kizima kinafanya hivyo. Asiye na mtu juu ndiye anayekamatwa wa kwanza.

Kwa wanawake kuna ile nyingine isiyosemwa kikaoni: mwenye neno kwenye uteuzi anataka mwili badala ya pesa. Hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Ahifadhi ujumbe wa simu kama ulivyo, asiufute kwa hasira wala kuusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Aandike tarehe, mahali na nani alikuwepo, kisha apige TAKUKURU 113, bure. Asikubali kabisa vikao vya "kupanga mikakati" usiku kwenye nyumba za wageni. Akiitwa, aende na mwenzake wa kikundi, na huyo mwenzake aingie ndani, asibaki nje na bodaboda.

Tukiwa kwenye karatasi, niliseme linalowaangusha wanawake kuliko wanaume: majina. Cheti cha shule kina jina la baba, kitambulisho cha mpiga kura kina la mume, kadi ya chama imeandikwa Mama Fulani. Kila karatasi ni halali peke yake, zikiwekwa pamoja mpinzani anaweka pingamizi kwamba hawa ni watu watatu. Aende kwa wakili mapema, aapishiwe hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, na kadi ya chama ibadilishwe ifanane na daftari la wapiga kura. Miaka miwili kabla ni kazi ya asubuhi moja, ila wiki ya uteuzi mawakili wote wana foleni.

Fomu ya Tume nayo. Ya udiwani inadai wadhamini wasiopungua 10, walioandikishwa kata ileile. Asipeleke 10 kamili. Mmoja akikutwa alihamia Buswelu na namba yake haimo, fomu imepwaya. Tamko mbele ya hakimu lisiachwe siku ya mwisho, hakimu anaweza kuwa safarini. Mwisho wa kurudisha ni saa 10 jioni. Arudishe asubuhi, ili kosa likionekana abaki na saa za kulirekebisha. Wengi wa waliotolewa 2020 walitolewa na fomu, sanduku hawakuliona. Dhamana yenyewe mwaka ule ilikuwa Sh 5,000, haifiki bei ya sato mmoja wa maana.

Dagaa_wa_Mwaloni:
Nimeelewa vizuri, hasa la majina maana hata mimi hapa ninazo karatasi mbili tofauti. Bado siku ya mkutano.

Msimamizi_wa_Kura:
Hapo nipo.

Mkutano ulioandikwa saa 3 asubuhi huanza saa 6. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, haijatimia, mgeni rasmi yuko njiani, salamu zinaanza. Kura zinakuja kuelekea jioni, na wajumbe wanawake ndio wa kwanza kuondoka: mtoto, biashara, jiko. Ngazi ya mkoa ni mbaya zaidi. Wa Ukerewe wanaiwaza meli ya Nansio, karibu saa tatu majini. Wa Sengerema na Buchosa afadhali sasa, daraja la Kigongo–Busisi limewaokoa na foleni ya kivuko. Mgombea anayetegemea kura za wanawake ahesabu hilo. Awaambie watu wake mapema kwamba siku hiyo hakuna biashara, na jirani wa nani anabaki na watoto wa nani.

Akidi isomwe tena *kabla ya kura*, si asubuhi tu. Hiyo ni hoja ya utaratibu, mjumbe yeyote anaweza kuitoa. Asimame, aseme "Mwenyekiti, utaratibu," aombe idadi ya waliomo ukumbini itangazwe na iandikwe. Idadi hiyo ndiyo kamba ya kufungia kila kitu. Waliomo 214, karatasi zikihesabiwa 221, hapo pana maneno. Bila idadi mtabishana mpaka usiku na mtashindwa.

Karatasi za kura zilizoandikwa kwa mkono zina balaa lake. Majina mawili yakifanana, au jina likikosewa herufi, mjumbe asiyesoma vizuri anaweka alama kwa mwingine. Mgombea aombe kuuona mfano wa karatasi kabla haijarudufiwa. Ikishagawiwa, pingamizi lake litaonekana ni ubishi. Pia aangalie sanduku likiwa tupu limegeuzwa mdomo chini mbele ya watu.

Kujieleza hupewa dakika tatu, pengine mbili. Wanawake wengi huzimaliza kwa kushukuru: Mungu, mwenyekiti, kamati ya siasa, wazee, mume wangu. Unakuta imebaki nusu dakika. Aseme jina lake na namba yake kwenye karatasi, jambo moja la kata analolijua kwa takwimu, aombe kura, arudie namba, akae. Mambo ya vizimba vya soko na mizani, huyo mama anayajua kuliko wote mle ndani. Na ajiandae kwa swali la "mume wako amekuruhusu?" Wapo wanaoliuliza bila aibu. Jibu moja fupi, bila kufoka, kisha arudi kwenye kata. Anayeanza kueleza ndoa yake ameshamaliza dakika zake.

Wakala wake wa kuhesabu awe mtu wa namba, asiwe rafiki mwenye sauti. Aandike kila kundi la karatasi hamsini linapofungwa, na asitoke hata chooni mpaka fomu ya matokeo imejazwa na kusainiwa. Matokeo ya kutangazwa kwa mdomo, "fomu tutajaza ofisini kesho," ndiyo yanayobadilika usiku. Asipopewa nakala, aipige picha ikiwa mezani.

Dagaa_wa_Mwaloni:
Swali la mwisho wakuu. Vikao vya tawi pale viko saa 12 jioni katikati ya wiki na akina mama hawaji. Ukiomba saa zibadilishwe unaambiwa wanawake hawana mwamko.

Katibu_wa_Tawi:
Waache mwamko, watazame mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hailali ziwani, na siku hizo sokoni hakuna mzigo wa alfajiri. Mama wa dagaa anayeamka saa 9 usiku hawezi kukaa kikaoni mpaka saa 3 usiku, lakini siku za mwezi mpevu yupo na muda anao. Peleka barua kwa katibu wa tawi, siyo maneno ya mdomo, na majina na namba za kadi za wanachama wasiopungua ishirini, mkiomba kikao cha kila mwezi kiwekwe siku hizo, saa 10 alasiri. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo.

Na mkikubaliwa, kikao cha kwanza mjae. Katibu atahesabu vichwa, na mkiwa sita tu anarudisha saa 12.